Gazeti Lililopanda Jukwaani

Hadithi ya leo, wanangu, haina sungura wala fisi. Ilitokea kweli Marekani, miaka tisini hivi iliyopita, na nawasimulia nyinyi mnaopenda kuigiza, maana wengi wenu mnadhani jukwaa ni mahali pa mambo ya kubuni tu.

Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na ufukara ukaenea nchi nzima. Kufikia 1933, karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Wakulima waliogomea bei duni walimwaga maziwa barabarani, na huku mijini watoto walilala bila maziwa. Waigizaji nao walikaa bure kwa sababu kumbi zilifungwa. Waandishi wa habari walikaa bure kwa sababu magazeti yalipunguza watu.

Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilikuwa ikiwapa wasio na kazi vibarua vya kujenga barabara na madaraja. Mwaka 1935 ikaanzisha pia mradi wa kuwaajiri watu wa maigizo, chini ya mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa fani hiyo, Hallie Flanagan. Upande wa New York ulisimamiwa na mwandishi wa tamthilia Elmer Rice. Wakaona: waigizaji wana sauti na hawana la kusema, waandishi wana habari na hawana pa kuzichapa. Wakawaweka pamoja, na likazaliwa Gazeti Hai, yaani habari za siku hizo zikichezwa jukwaani. Warusi walikuwa wamewahi kufanya jambo la namna hiyo baada ya mapinduzi ya 1917, wakiwaigizia habari watu wasiojua kusoma.

Kazi ilipangwa kama chumba cha habari. Palikuwa na mhariri, na waandishi waliokesha na hotuba za bungeni, hukumu za mahakama na magazeti ya zamani. Kiongozi aliposemeshwa neno jukwaani, lilipaswa kuwa neno alilolisema kweli. Vipande vilikuwa vifupi vifupi, kimoja kikiisha taa zinazimika na kingine kinaanza, na katikati yake sauti kutoka kwenye kipaza sauti ikitaja tarehe, mahali na takwimu.

Sasa sikilizeni habari ya mchezo wao wa kwanza, maana unatuhusu sisi Waafrika. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini, mtawala wa Italia, yaliivamia Ethiopia. Kundi la New York likaandaa mchezo ulioitwa kwa jina la nchi hiyo. Ndani yake alikuwamo Mussolini, alikuwamo Mfalme Haile Selassie, na baraza lake lilichezwa na wasanii kutoka Afrika waliokuwa wamekwama Marekani bila kazi. Mazoezi yakaiva. Januari 1936, siku chache kabla ya kufungua milango, amri ikaja kutoka Washington: ni marufuku kumwigiza kiongozi wa nchi ya nje. Waliogopa kuiudhi Italia.

Rice akasema bila viongozi hao hakuna mchezo, na akajiuzulu. Kabla ya kuondoka aliwaalika waandishi wa habari wautazame mara moja. Hapo ndipo ulipoishia. Raia wa kawaida hakuuona.

Tulieni kidogo hapa. Maneno ya Mussolini katika mchezo ule yalikuwa yameshatangazwa na kuchapishwa, na yeyote mwenye senti mbili tatu angeweza kuyasoma asubuhi akinywa kahawa. Hakuna siri iliyofichuliwa. Basi hofu ilitoka wapi? Mimi nimeifikiria sana, na jibu langu ni hili: mtu akisoma habari peke yake, hukasirika peke yake, kisha hukunja gazeti na kwenda zake. Ukumbini mamia ya watu husikia sentensi ileile kwa pamoja, na kila mmoja humsikia jirani yake akishusha pumzi. Anajua kwamba si yeye tu aliyeumia. Hilo ndilo watawala waliliogopa, na ndilo linaloupa mchezo wa habari nguvu yake.

Flanagan hakujiuzulu. Wapo waliomlaumu. Mimi simlaumu, kwa sababu bila yeye yaliyofuata yasingekuwapo.

Mwezi huohuo wa Januari, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria iliyowasaidia wakulima. Machi mchezo juu ya jambo hilo ulikuwa jukwaani, majaji wakionekana kama vivuli vikubwa tu nyuma ya kitambaa. Mwaka 1937 ukaja mchezo wa umeme, na huu naupenda kuliko yote. Unaanza kwa umeme kukatika, na tunaona jinsi kukatika huko kunavyowakwamisha watu mbalimbali mjini. Baadaye anatokea bwana mmoja wa kawaida, mlipaji wa bili, anayeuliza uniti moja ya umeme ni kitu gani hasa, na kwa nini ailipe kwa bei ile. Anauliza kwa niaba ya wote ukumbini walioona haya kuuliza. Mchezo uliishia kwa alama kubwa ya kuuliza, kwa kuwa serikali nayo ilikuwa na mradi wake wa umeme, kesi juu ya mradi huo ilikuwa bado mahakamani, na hakuna aliyejua hukumu.

Kuna kasoro ambayo sitawaficha. Mchezo ule uliusifu mradi wa serikali, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyowalipa waigizaji mishahara. Mnapoandaa igizo, ulizaneni ni nani analipia ukumbi.

Januari 1938 walicheza juu ya nyumba mbovu za kupanga, wakitumia maneno ya Roosevelt mwenyewe, aliyesema theluthi moja ya taifa haina makazi mema. Mtu anatandika mkeka wa kijani, anaketi juu yake: hiyo ndiyo ardhi yake. Anakuja mpangaji, analipa, anapewa kipembe. Anakuja mwingine na mkewe na vyombo vyake, kisha mwingine, mpaka hakuna wa kunyoosha mguu, na mwenye mkeka anazidi kupokea pesa. Dakika chache hizo zinafundisha jinsi kodi inavyopanda kuliko hotuba ya saa nzima. Mchezo huo ulionyeshwa New York zaidi ya mara 200.

Mwishoni mwa 1938 Flanagan aliitwa mbele ya kamati ya bunge iliyowashuku watu wake kwa ukomunisti. Mbunge mmoja alimuuliza kama Christopher Marlowe ni mkomunisti. Marlowe, mwandishi wa Uingereza, alikufa mwaka 1593. Juni 1939 bunge likaukatia mradi fedha, na maelfu ya watu wakapoteza kazi.

Miswada, picha na michoro yao ilipotea machoni pa watu hadi 1974, watafiti walipoigundua katika banda la ndege karibu na Baltimore. Leo sehemu kubwa iko katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mingi inaonekana kwenye intaneti. Itafuteni ile ya nyumba za kupanga, mtazame jinsi walivyolijenga jengo zima la ghorofa juu ya jukwaa.