Chakula kinakwama kifuani? Usiishie kwenye dawa za kiungulia

Ugali umepakuliwa, familia imekaa. Watoto wanamaliza, baba bado yuko kwenye tonge la tatu. Kila tonge analishushia kwa maji, ananyoosha shingo, anatulia kidogo, kisha anasema ameshiba.

Inaweza kuwa nyumba yoyote ya Sakina, jijini Arusha. Mke atahisi ni vidonda vya tumbo, mtoto mkubwa atatumwa duka la dawa kununua dawa ya kiungulia. Miezi inapita, na siku moja wanashtuka kuona suruali zote za baba zinampwaya.

Kwa mtu mzima, chakula kukwama si jambo la kuzoea. Ni dalili inayohitaji kipimo.

Lango lisilofunguka

Chakula hutoka kooni hadi tumboni kupitia umio, mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25. Misuli yake husukuma chakula chini, na lango lililo mwishoni hulegea ili kipite.

Katika ugonjwa uitwao akalasia, neva zinazoongoza kazi hiyo huharibika. Msukumo hupotea na lango hubaki limekaza. Chakula hurundikana, umio hutanuka. Mgonjwa hukwamwa na ugali na hata maji, hurudisha chakula ambacho hakijasagwa, na usiku hukohoa au kukuta mabaki kwenye mto.

Akalasia ni adimu: kwa mwaka hugundulika takriban mtu 1 katika kila 100,000. Kwa kuwa pia huleta maumivu ya kifua yanayofanana na kiungulia, wengine hutibiwa kiungulia kwa miaka.

Kwa nini usisubiri

Sababu nyingine ya chakula kukwama ni saratani ya umio, na Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yanayoathirika zaidi duniani. Mara nyingi huanza na vyakula vigumu kama nyama na ugali, kisha vilaini, mwishowe hata uji, huku uzito ukishuka haraka. Pombe na sigara huongeza hatari. Mwaka 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kuwa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda vinasababisha saratani hiyo. Chai ya asubuhi iachwe ipoe kidogo.

Dalili za magonjwa haya mawili hufanana, hivyo hakuna anayeweza kuyatofautisha kwa kutazama tu.

Vipimo

Cha kwanza ni endoskopia: kamera ndogo hupitishwa mdomoni kukagua umio, na kinyama huchukuliwa kikionekana kitu cha kutiliwa shaka. Kipo pia kipimo cha eksirei ambapo mgonjwa hunywa dawa nyeupe ya bariamu. Kwenye akalasia, umio huonekana mpana juu na kuchongoka chini kama mdomo wa ndege. Kinachothibitisha zaidi ni manometria, inayopima nguvu ya misuli, ingawa haipatikani kila hospitali.

Mkazi wa Sakina anaweza kuanzia kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru. Akihitaji zaidi, hupewa rufaa kwenda KCMC, Moshi.

Inatibika

Neva zilizokufa hazirudi, lakini lango linaweza kufunguliwa. Daktari hulitanua kwa puto, au hukata misuli iliyokaza kwa upasuaji. Puto huweza kuhitaji kurudiwa. Kwa asiyeweza kuhimili upasuaji, ipo sindano ya kulegeza misuli, ambayo nguvu yake huisha baada ya miezi. Wengi hupata nafuu kubwa na kurudi kula na wenzao.

Nyumbani, mgonjwa ale taratibu akiwa ameketi wima, atafune vizuri, na asilale kabla ya saa tatu kupita tangu ale. Kichwa cha kitanda kiinuliwe.

Chakula kikikwama ghafla hata mate hayapiti, au mtu akishindwa kumeza huku uso umepinda upande mmoja, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wazazi na babu zetu ni wepesi wa kuficha. Watasema hawana njaa, wataomba uji, watakula wakiwa peke yao. Leo jioni, hesabu vikombe vya maji anavyotumia kumaliza sahani moja.