Swali la mtoto linapovuka Nimule

JUBA. Wapo wafanyabiashara wa soko la Konyo Konyo ambao watoto wao wanasoma Uganda au Kenya. Malezi yao hufanyika kwa simu, jioni, baada ya kufunga duka. Katikati ya habari za karo na homa huchomoza swali ambalo mzazi hakulitarajia: kwa nini mtoto wa kwenye katuni ana baba wawili?

Swali hilo si geni. Mwaka 2016 katuni ya The Loud House ilimwonyesha Clyde, rafiki wa mhusika mkuu, akilelewa na baba wawili. Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ilipiga marufuku katuni hiyo na nyingine tano, zikiwemo Adventure Time na Steven Universe. Lakini simu haipiti forodha, na mtoto huona anachokiona.

Wazazi wengi hufoka au hubadili mazungumzo, na hofu yao inaeleweka. Sheria ya adhabu ya Sudan Kusini ya 2008 inatoa kifungo cha hadi miaka 10 kwa mapenzi ya jinsia moja. Ya Uganda ya 2023 inafika kifungo cha maisha, na kwa "kuhamasisha" hadi miaka 20. Hata hivyo, hakuna hata moja inayomlazimisha mzazi kumfundisha mwanawe kutukana.

Mtoto wa miaka sita hahitaji hotuba. Inatosha kumwambia kwamba wapo watu wazima wanaopenda wa jinsia yao, na kwamba hawatukanwi wala kupigwa. Mzazi ambaye dini yake haikubali jambo hilo atalisema pia, bila ukali.

Neno lenyewe huchanganya. Kwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa karibu, na muuza khanga wa Mombasa humwita mteja wake hivyo kwa mapenzi. Mtoto anayelisikia shuleni kama tusi hulirudisha nyumbani likiwa tusi.

Hatari kubwa iko kwingine. Wazazi wengi huchanganya mapenzi ya jinsia moja na udhalilishaji wa watoto, kisha hunyamazia yote mawili. Mtoto anapaswa kujua kuwa mtu mzima haruhusiwi kumshika sehemu za siri, awe mwanamume au mwanamke, mgeni au mjomba. Aliyefokewa kwa sababu ya katuni atasita kusema siku atakapoguswa bwenini.

Kwa kijana wa miaka 14, mambo hubadilika. Huenda anamuulizia mwenzake anayeonewa darasani. Huenda anajiulizia mwenyewe. Mzazi aliye Juba, mamia ya kilomita kutoka bwenini, hawezi kujua ni lipi kati ya hayo asipomwacha kwanza amalize swali lake.