Sumaku na koili ni ndugu wa toka nitoke

Mzazi, huenda siku moja ukarudi nyumbani na kukuta redio yako kuukuu imefunguliwa mgongo, spika imeng'olewa na kijana wako yuko uani akiburuta sumaku mchangani ili inase ule unga mweusi. Usikimbilie kiboko. Alichotoa ni nusu tu ya maajabu ya spika ile.

Nusu ya pili ni koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi na kugandishwa nyuma ya karatasi ya spika. Watoto huitupa, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu koili hiyo ikipitishiwa umeme huwa sumaku kamili.

Mwaka wa 1820, Hans Christian Ørsted, mwalimu wa chuo kikuu nchini Denmark, aligundua kwamba sindano ya dira hugeuka ikiwa karibu na waya wenye umeme. Mwaka huo huo Mfaransa André-Marie Ampère akaonyesha kuwa nyaya mbili zinazopitisha umeme kuelekea upande mmoja huvutana. Baadaye alidai kwamba hata ndani ya sumaku yenyewe mna mikondo midogo midogo ya umeme isiyokoma. Hakuwa mbali na ukweli, kwani leo yajulikana kwamba nguvu za sumaku hutokana na elektroni zilizomo ndani yake.

Hebu jaribuni nyumbani. Chukueni waya wa shaba wenye vanishi, kama ule wa mafundi wa mota, mzungushe mara 50 hivi kwenye bomba la kalamu ya biki. Kwangueni vanishi mwanzo na mwisho wa waya, kisha muunganishe na jiwe moja la redio. Sogezeni dira. Upande mmoja wa koili utavuta kaskazini ya sindano na upande wa pili utaifukuza, sawa na sumaku. Mkitumbukiza msumari mwembamba ndani ya bomba, nguvu zitaongezeka, na huenda hata pini zikanaswa.

Tofauti ni kwamba sumaku haihitaji kulishwa. Koili hulala mara tu umeme ukikatika, na jiwe likigeuzwa, kaskazini yake huwa kusini. Spika hutegemea tabia hiyo. Umeme wa redio hugeukageuka, koili ikavutwa na kusukumwa na sumaku, karatasi ikatikisika, nawe ukasikia taarifa ya habari.

Msiache koili imeunganishwa kwa muda mrefu, maana hupata moto na kumaliza jiwe. Na kijana asithubutu kabisa kuchomeka waya huo katika soketi ya ukutani. Jiwe la redio lina volti 1.5. Soketi ina volti 240, na hizo huua.