Fahamu: Mnara wa Hanoi uliotokana na vazi

Lotte Center, jengo la ghorofa 65 lililofunguliwa Hanoi, Vietnam, mwaka 2014, halikuanzia kwenye vioo na chuma. Wabunifu wake walitazama áo dài, vazi la taifa.

Áo dài ni kanzu ndefu inayobana kiwiliwili, yenye mipasuo miwili ubavuni kuanzia kiunoni, na huvaliwa juu ya suruali pana. Sura yake ya leo ilianza miaka ya 1930, mchoraji Nguyễn Cát Tường alipoikata ifuate mwili. Ndiyo maana fundi humpima mteja kwa makini: kiuno kikikosewa kidogo tu, vazi zima huharibika. Mipasuo nayo huachia miguu nafasi na kuifanya nguo ipepee. Wanafunzi wa kike huendesha baiskeli wakiwa wameivaa!

Zege halipepei. Mbunifu wa majengo anaweza tu kuazima mistari: wima mrefu, wembamba, mkunjo unaoteremka bila kukatika. Hata hivyo, mnara unaokumbuka kazi ya fundi cherehani una haki zaidi ya kusimama Hanoi kuliko sanduku la vioo lisilo na kwao.