Kuku Anayeatamia na Jedwali la Saba

Baada ya toleo lililopita baadhi ya kamati za parokia zilituuliza swali la haki kabisa: kwa nini sehemu ya fedha za elimu imejenga banda la kuku katika shule ya msingi, wakati madawati hayatoshi? Tunajibu kwa kueleza yaliyotokea bandani humo, pamoja na kosa letu wenyewe.

Watoto wa Darasa la Tatu tuliowakuta pale walikuwa wakiimba jedwali la saba bila kukwama. Ukiwauliza wiki tatu zina siku ngapi, kimya. Jibu walikuwa nalo kichwani, ila hawakutambua kuwa ndilo linaloulizwa. Walimu wa KKK wanajua kuwa mtoto huanza na vitu ndipo aende kwenye tarakimu, na ndiyo maana madarasani kuna vijiti, mbegu na vizibo vya soda. Sisi tuliongeza kiumbe hai. Ukikosea hesabu ya vizibo, hakuna kinachokufa.

Yai la kuku huatamiwa siku 21. La bata wa kawaida huchukua siku 28, na la yule bata mwenye ngozi nyekundu usoni, aliyejaa vijijini kwetu, siku 35. Msomaji ataona kuwa zote tatu zimo katika jedwali la saba: wiki 3, wiki 4, wiki 5.

Mara ya kwanza tuliharakisha. Mzazi mmoja alileta kuku aliyeanza kulalia, mwingine akaleta mayai ya bata wenye uso mwekundu, nasi tukayaweka yote pamoja siku moja. Watoto waliweka alama kwenye kalenda kila asubuhi. Siku ya 21 vifaranga wa kuku walitoka, darasa likashangilia. Baada ya siku mbili kuku aliondoka na vifaranga wake kutafuta chakula, kama ilivyo kawaida yake, na mayai ya bata yakapoa. Yalipopasuliwa, ndani mlikuwa na vifaranga vilivyokwisha kuumbika. Msichana mmoja alilia. Tuliona aibu, kwa kuwa sisi watu wazima ndio tuliopaswa kujua.

Mwalimu hakuificha habari hiyo. Aliandika ubaoni 35 – 21, akauliza: mayai ya kuku yangewekwa lini ili wote watoke pamoja? Mikono mingi ilinyooshwa. Siku 14 baada ya yale ya bata.

Mara ya pili waliweka mayai 6 ya bata peke yake. Wiki moja na nusu baadaye waliyaangalia kwa tochi ndani ya stoo yenye giza: yai zima huonyesha mishipa ya damu, lisilo na kitu hupitisha mwanga tupu. Mayai 2 yalikuwa matupu, yakabaki 4, na ndipo mwalimu alipofundisha theluthi mbili. Kuku huwekewa chakula na maji karibu, maana siku 35 za kulalia zinamchosha. Kila anayegusa ndege ananawa kwa sabuni. Hilo halina mjadala.

Kwa kamati zinazotaka kuanza, tunashauri mambo mawili. Kuku wapate kwanza chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, irudiwe kila baada ya miezi 3; mdondo ukiingia hautabakiza hata mmoja wa kuhesabiwa. Pia amueni mapema vifaranga ni mali ya nani. Kwetu suala hilo lilizua maneno kati ya wazazi na walimu kuliko suala la fedha, na sasa limeandikwa katika muhtasari wa kikao: nusu ni ya shule, nusu ni ya mwenye kuku.

Tunapoandika, mayai ya bata yana siku 16, na mayai 6 ya kuku yaliyoongezwa yana siku 2. Ubaoni watoto wameandika 19, na kila asubuhi wanafuta na kupunguza moja.