Je, wajua? Namba kubwa iliyojificha ndani ya faranga moja

Mama anayeuza mchele Kindu, awe Kasuku au ng'ambo ya Lualaba kule Alunguli, hupokea noti ya faranga 500 ambayo haionyeshi sufuri zilizokwisha futwa nyuma yake. Zilifutwa mara mbili. Oktoba 1993, zama za Mobutu, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha, utaona kwamba faranga moja imemeza zaire za zamani 300,000,000,000, miliari mia tatu. Na zaire hiyo ilipoanza mwaka 1967, moja tu ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani! Ukitaka kuihesabu namba hii kwa sekunde, moja moja, bila kulala, utamaliza baada ya zaidi ya miaka 9,500.

Mimi hunivutia zaidi umbo lake. Ivunje hadi mwisho, upate 2 kumi na moja, 5 kumi na moja, na 3 moja tu: namba tasa tatu ndogo kuliko zote. Ili kuunda kigawo chake, unaamua uchukue 2 ngapi, kuanzia sufuri hadi kumi na moja. Vivyo hivyo kwa 5. Kisha uchukue ile 3 au uiache. Yaani 12 × 12 × 2: vigawo 288. Kama kiwango cha 1993 kingekuwa milioni moja badala ya tatu, vingekuwa 144 tu.

Noti zote za leo, toka faranga 50 hadi 20,000, zinaigawa bila baki, kwa kuwa zimejengwa kwa 2 na 5. Watu watatu wataigawana sawasawa. Saba hawawezi, wala tisa, maana tisa inadai 3 mbili.

Nicomachus wa Gerasa, yapata mwaka 100, aliziweka namba katika makundi matatu kwa kujumlisha vigawo vilivyo vidogo kuliko namba yenyewe. Sita ni timilifu: 1 + 2 + 3 hurudisha 6. Nane ni pungufu, hufikia 7 tu. Kumi na mbili huzidi, hufika 16. Namba yetu imezidi mno: jumla ya vigawo vyake ni 699,755,855,280, zaidi ya mara mbili yake.

Shuka ngazi moja zaidi, kwenye faranga za kabla ya 1967, ambazo 1,000 zilifanya zaire moja. Namba inakuwa 3 yenye sufuri kumi na nne, na vigawo 450. Hata hapo si mraba wa namba yoyote nzima. Ongeza sufuri upendavyo, haitakuwa kamwe, kwa kuwa kila sufuri huleta 2 na 5, wala haileti 3 ya pili.