Mkono wa kulia na mkono wa kushoto: Safari ya mkemia William Knowles

Yapo maradhi ambayo huingia nyumbani polepole, mithili ya mgeni asiyebisha hodi. Mzee huanza kwa kutetemeka kidole kimoja, kisha mkono mzima. Hatua zake hufupika, uso wake hupoteza bashasha, na kikombe cha chai humwagika kabla hakijafika mdomoni. Aghalabu tunaambizana kuwa huo ni uzee tu, na wapo wasemao kwamba mzee karogwa. La hasha! Maradhi hayo yana jina. Huitwa Parkinson, kwa jina la James Parkinson, tabibu wa Uingereza aliyeyaeleza mwaka 1817. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionesha kwamba wengi wa wagonjwa waliokutwa vijijini hawakuwa wamewahi kutambuliwa na daktari yeyote.

Dawa kuu ya kupunguza makali ya maradhi haya ni levodopa. Juma hili tumeonelea tuwaelezee habari za mtu ambaye jitihada zake ziliwezesha dawa hiyo kutengenezwa viwandani kwa njia iliyo bora. Si tabibu, wala hakuwa profesa wa chuo kikuu. Ni mkemia wa kiwandani, William Standish Knowles.

Kabla ya kumwendea, hatuna budi kueleza jambo moja la kielimu. Tazama makubadhi mawili mlangoni. Yameshonwa kwa ngozi moja, kwa kipimo kimoja na kwa uzi mmoja, lakini la kulia halikai sawasawa mguu wa kushoto. Kila moja ni kama taswira ya mwenzake katika kioo. Molekuli nyingi nazo ziko hivyo: sehemu zake ni zile zile na idadi yake ni ile ile, ila moja ni ya kulia na nyingine ni ya kushoto. Mfaransa Louis Pasteur alilithibitisha jambo hili mwaka 1848, alipozichambua fuwele ndogo ndogo kwa mkono wake, za upande huu mbali na za upande ule.

Tofauti hiyo si ya kudharauliwa, kwani mwili wa mwanadamu huitambua. Ipo molekuli iitwayo kavoni: ya upande mmoja hunukia nanaa, na ya upande wa pili hunukia kisibiti. Pua haikosei. Ikiwa pua hutambua, basi ubongo na damu hutambua zaidi.

Tukirudi kwa levodopa, chembe za ubongo wa mgonjwa wa Parkinson hufa na kupungukiwa na dopamini, kitu ambacho husaidia kuongoza mwendo wa viungo. Mwaka 1961, jijini Vienna, Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz walieleza jinsi wagonjwa walivyopata nafuu kwa kuchomwa sindano ya levodopa. Mwaka 1967, nchini Marekani, George Cotzias alionesha kuwa dopa ikimezwa kwa kipimo kikubwa kinachopandishwa hatua kwa hatua, watu waliokuwa wamekakamaa huweza kutembea tena. Lakini dopa nayo ina mikono miwili. Wa kushoto ndio utibuo, na ndiyo maana ya herufi “levo” katika jina lake. Wa kulia hauna faida kwa mgonjwa, bali ulihusishwa na kupungua kwa chembe nyeupe za damu.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Kiwanda kikitengeneza dopa kwa kemia ya kawaida, hupata nusu kwa nusu, kulia na kushoto pamoja, kisha hulazimika kutenganisha. Ni sawa na fundi ambaye kila akishona makubadhi ya mguu mmoja, mengine idadi hiyo hiyo yanajitengeneza ya mguu usiotakiwa.

Knowles alizaliwa tarehe 1 Juni 1917 mjini Taunton, katika jimbo la Massachusetts. Alisoma Harvard, akahitimu mwaka 1939, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1942. Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni ya Monsanto, na huko alidumu mpaka alipostaafu mwaka 1986. Hiyo ni miaka 44 kwa mwajiri mmoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi St. Louis, mbali na kumbi za vyuo vyenye sifa.

Katikati ya miaka ya 1960, Geoffrey Wilkinson wa Uingereza aligundua kichocheo kilichotokana na madini adimu ya rodiamu. Kichocheo, kwa wasiofahamu, ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia na chenyewe kisiishe. Chembe moja yaweza kuhudumia maelfu. Cha Wilkinson kiliweza kuongeza haidrojeni kwenye molekuli nyingine, ila hakikujua kulia wala kushoto. Rodiamu yake ilizungukwa na molekuli zenye fosforasi. Knowles akajiuliza: je, tukiziondoa hizo na kuweka nyingine zenye mkono wake maalumu, kichocheo hakitapata mkono nacho?

Mwaka 1968, yeye na mwenzake Jerry Sabacky walichapisha jibu. Ziada ya mkono uliotakiwa ilikuwa asilimia 15 tu. Yaani katika molekuli 1,000, takriban 575 zilikuwa za upande mmoja na 425 za upande wa pili. Kwa mfanyabiashara, hiyo si bidhaa. Kwa Knowles, mlango ulikuwa umefunguka, kwani mizani iliyokuwa sawa siku zote ilikuwa imeinama.

Yeye na wenzake wakaendelea kubadilisha kifungo kimoja baada ya kingine. Hawakuwa peke yao. Henri Kagan wa Ufaransa naye alionesha mwaka 1971 faida ya kutumia molekuli yenye fosforasi mbili badala ya moja. Kikosi cha Knowles kikatengeneza yake, ikaitwa DIPAMP, na ziada ikafikia asilimia 95. Sasa katika molekuli 1,000, takriban 975 zilikuwa za mkono wa tiba, na zilizobaki ziliweza kuondolewa kwa kugandisha fuwele. Kuanzia mwaka 1974, Monsanto ilitumia njia hiyo kutengeneza levodopa kiwandani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kichocheo cha namna hiyo kutumika viwandani.

Tuzo ya Nobel ya Kemia ilimfikia mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 84 na mstaafu wa miaka 15. Aligawana nusu yake na Ryoji Noyori wa Japani, na nusu ya pili ikaenda kwa Barry Sharpless wa Marekani. Alifariki mwezi Juni 2012, akiwa na miaka 95. Elimu hiyo haikusimama hapo: mwaka 2021 Benjamin List na David MacMillan walipewa tuzo hiyo kwa vichocheo vyenye mkono visivyohitaji madini adimu.

Ndugu wasomaji, tunalo funzo katika asilimia 15. Wazazi wangapi humkaripia mtoto kwa alama ndogo, bila kuuliza iwapo alama hizo zimepanda kuliko za jana? Subira huvuta heri, lakini ni subira ya mtu anayefanya kazi, si ya anayengoja.

Lipo na la pili, lenye kutuhusu majumbani. Levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ikiambatana na kabidopa. Haiponyi Parkinson, bali humrejeshea mgonjwa uwezo wa kuishika kazi yake na kujilisha mwenyewe. Hata mbegu za upupu, mmea tunaoukimbia kwa kuwasha, zina levodopa ndani yake. Lakini kipimo chake hakijulikani kwa macho, hivyo tusijitibu kwa kubahatisha. Mzee anapoanza kutetemeka, tusimwache kwenye kona ya nyumba na tusimtafute mchawi. Tumpeleke hospitali, naye apimwe na kupewa dawa kwa uangalizi wa daktari. Mikono ile inayotetemeka leo ndiyo iliyotulea jana.